Bonyeza Ukucha, Usubiri

Nyoosha mkono wako, wewe unayesoma. Ndiyo, wewe mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Bonyeza ukucha wa kidole cha kati mpaka uwe mweupe, kisha achia. Umeona rangi ilivyorudi? Basi nusu ya yale niliyojifunza miaka yangu yote ya uuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, umeshayapata, na umeyapata bure. Nusu ya pili ni kusubiri hiyo rangi bila kuanza kuongea, na hiyo ndiyo inayowashinda vijana.

Mwalimu wenu wa uuguzi ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Maskini, amebisha hodi mlango usio wake. Mkitaka kutiwa moyo nendeni kwaya. Mimi nitawaandikia habari za viwiko vya watoto, na habari za mkono mmoja wa kulia ambao nikipita kwenye mashamba ya chai naukumbuka, nikakosa hata hamu ya chai yenyewe.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na masizi peke yake yakajaa, mitumba ikamwagwa chini barabarani, na malori yakaanza kupanda mpaka Kinyala, Suma na Ikuti kununua ndizi na maparachichi. Zamani parachichi liliiva likaanguka lenyewe, nguruwe akashukuru. Lakini mfanyabiashara hataki lililoanguka. Anataka lililochumwa kwa mkono, halina hata mkwaruzo. Na nani mwepesi wa kufika matawi ya juu? Mtoto. Mparachichi nao hauna adabu, tawi linakatika bila kuaga. Mtoto anaanguka amenyoosha mkono, mfupa unavunjika juu kidogo ya kiwiko, pale ulipo mwembamba kabisa. Ninyi mnajua Tukuyu ina majira mawili, mvua na baridi. Sisi wa thieta tulikuwa na la tatu, viwiko.

Na ruksa hiyohiyo ilituingilia hospitalini. Vitu vilivyokuwa vinatoka stoo vikawa vinatoka duka la dawa kule stendi. Mgonjwa akija alibeba glovu zake na bendeji zake, kama anayekwenda msibani na sahani yake. Baba wa mtoto akienda kutafuta bendeji anakaa huko, mtoto analia, kiwiko kinavimba. Nilikuwa nawafokea wale akina baba, nao wakaniita Sista Mkali. Jina hilo lilinikaa mpaka nikastaafu, na sikufanya juhudi yoyote ya kulivua.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tunatibu. Njia ya kwanza ilikuwa kumlaza mtoto chali, mkono ukavutwa pembeni ya kitanda kwa uzito wa mfuko wa mchanga, wiki baada ya wiki. Mtoto wa kijijini, wa kukimbia na mbuzi, umlaze hivyo! Walikuwa wanafungua kamba wenyewe, unamkuta mmoja chini ya kitanda anacheza gololi. Njia ya pili ilikuwa kukunja kiwiko kabisa, mkono ufike karibu na bega, halafu kumfunga hogo la plasta. Mfupa ulikaa, ndiyo, lakini kiwiko kilichovimba ukikikunja sana unaubana mshipa wa damu. Njia ya tatu ilikuwa kupasua, kufungua kiwiko kwa kisu, na mtoto anabaki na kovu refu na mkono usiofika mdomoni. Tulichagua kati ya mabaya, tukaita matibabu.

Ndipo akaja Daktari Haule. Alikuwa daktari msaidizi, mtu wa Songea, mrefu, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuwa amekwenda kusomea mifupa kaskazini, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hakuna maziwa, kuna waya za chuma kisichoshika kutu, zimenyooka, ncha kali.

"Sista," akaniambia, "kuanzia leo hatupasui viwiko. Tunachoma tu."

Nikamwambia, "Daktari, hapa hatuna hata mashine ya kutoboa. Utachoma kwa meno?"

Akacheka. Lakini nilisema kweli, mashine haikuwepo. Tukaenda wote wawili kwa Mzee Salumu, seremala, familia yao ilitoka pwani zamani, karakana yake iko nyuma ya soko. Tukaomba keekee yake ndogo, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nikaisugua, nikaichemsha, nikaisugua tena mpaka mpini ukapauka. Tulipotaka kuirudisha, Mzee Salumu akairudisha mikononi mwangu. "Kaeni nayo, mwanangu. Chombo kilichoingia kwenye mwili wa mtoto wa mtu hakirudi kutoboa mlango." Tangu siku hiyo, akiniona sokoni, badala ya salamu anauliza, "Vipi, fundi mwenzangu anaendelea?" Anamaanisha keekee.

Kazi yenyewe iko hivi, na mtaiona bado inafanywa hivyohivyo, ila kwa mitambo mizuri. Mtoto analala kwa dawa. Mmoja anamshikilia juu, karibu na kwapa. Daktari anavuta mkono taratibu, anavuta na kusubiri, mpaka misuli ichoke kubishana. Anausogeza mfupa uliokwenda pembeni urudi katikati. Halafu anakunja kiwiko huku kidole gumba kinasukuma kwa nyuma. Utasikia kitu kimeingia mahali pake. Husikii kwa sikio, unasikia kwa vidole. Waya mbili zinaingia kwa upande wa nje wa kiwiko, tundu lake kama la mwiba. Upande wa ndani Haule aliuogopa, kwa sababu pale ndipo unapopita ule mshipa wa fahamu ambao ukijigonga mezani unaona nyota. Vichwa vya waya anavikunja, vinabaki nje ya ngozi. Wiki tatu nne zikipita unavichomoa kwa plaizi, mtoto anapiga kelele kwa woga kuliko kwa maumivu.

Na faida kubwa ni hii, ishikeni. Mfupa ukishashikwa na chuma, mkono hauhitaji tena kukunjwa sana. Unauacha umelegea, unaweka nusu ya hogo kwa nyuma, vidole vyote nje, damu inapita inavyotaka. Haule alikuwa akimaliza kukunja waya haangalii waya. Anabonyeza ukucha, anasubiri. Thieta nzima tunasubiri naye.

Wazazi waliziogopa zile waya. Bibi mmoja wa Suma aliniuliza kama radi haitamfuata mjukuu wake. Mtoto mwingine alirudi kliniki akiwa ametundika manati yake kwenye kichwa cha waya, akasema, "Sista, hapa panafaa sana." Nilitaka kumzaba kofi nikashindwa kwa kicheko. Hayo ndiyo ya kucheka. Sasa yamekwisha.

Kule Ikuti alikuwepo Mzee Asajile, mfunga mifupa. Nani hakumjua? Alirithi kazi kwa baba yake. Ukivunjika mguu au mkono wa chini, kati ya kiwiko na kiganja, alikupapasa, akanyoosha, akakufunga vipande vya mianzi kwa kamba za mgomba, na ulipona ukarudi shambani. Msimcheke. Nimeiona mikono aliyoifunga, imenyooka. Kabla ya kufunga alikanda kwa maji ya moto, na mtoto akilia aliwaambia ndugu wasiogope, mifupa inaitana. Mtoto akinyamaza alisema imekutana, wakachinja kuku. Hivyo ndivyo walivyoamini, na kwa mkono wa chini mara nyingi ilikuwa hivyohivyo, maana maumivu ya kawaida hupungua.

Lakini kiwiko si mkono wa chini. Kiwiko huvimba, na ukikikanda kwa maji ya moto kinavimba maradufu. Kamba haijui kupanuka. Mkono unavimba ndani ya kamba, damu inakosa njia, nyama inakufa kimyakimya. Mtoto analia usiku kucha, halafu ananyamaza, kwa sababu mkono hausikii tena kitu. Huko nje wanachinja kuku.

Atupele alikuwa mjukuu wake huyo Mzee Asajile. Alikuwa na umri wa kuanza shule, ametoka tu kujifunza kuandika jina lake, na mkono wake wa kuandikia ulikuwa wa kulia. Mama yake mchuma chai. Lori lilisimama barabarani likipiga honi, Atupele akapanda mparachichi wa nyumbani, tawi likafanya desturi yake. Babu yake alikuwepo palepale uani. Mtoto wa watu wengine labda wangejadiliana kwanza, wampeleke hospitali au wasimpeleke. Wa kwake kulikuwa na la kujadili? Alimkanda mwenyewe, akamfunga mwenyewe, kwa mkono wa upendo, na kwa sababu alimpenda alimfunga imara kuliko alivyowahi kumfunga mtu.

Walifika siku ya tatu. Mzee mwenyewe alimbeba, kwa sababu asubuhi ile alimpa mtoto muhindi wa kuchoma akaona vidole havifunguki kuupokea. Haule alizikata kamba kwa mkasi. Nikabonyeza ukucha. Ulikuwa mweupe kabla sijaubonyeza. Nikasubiri, ukabaki mweupe. Atupele akanitazama usoni, wala hakulia, akauliza, "Mbona unanishika na sisikii?"

Mungu anisamehe, nikaubonyeza tena.

Haule alimwingiza thieta palepale. Alifungua ngozi ya mkono wa chini ili kuupa nafasi, na nyama iliyotokea ilikuwa na rangi ya nyama iliyochemshwa. Ile hai ni nyekundu, ukiigusa inashtuka. Hii aliigusa, haikushtuka. Damu ilirudi kwenye vidole, ndiyo, ukucha ukapata rangi, nami nikapiga makofi kwa furaha ya kijinga. Haule akatikisa kichwa. "Damu imerudi, Sista. Misuli imekwenda." Halafu akaunyoosha mfupa na kuuchoma waya zake mbili, taratibu, kwa uzuri uleule, kana kwamba kila kitu bado kipo.

Nilipotoka nilimkuta mzee kwenye benchi la nje, kofia magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa kabisa, kila r alitamka l.

"Sista, usiku ule alilia sana. Asubuhi akanyamaza. Nikasema, ndaga Tata, asante Baba Mungu, mifupa imekutana."

"Tata," nikamwambia, "hakunyamaza kwa kupona. Alinyamaza kwa sababu mkono ulikuwa unakufa."

Nilisema kwa sauti ya thieta, benchi zima likageuka. Msinikunjie uso, sijutii. Nilikuwa nimetoka kuona ile nyama. Yule mzee angeweza kubisha, alikuwa na jina kubwa kuliko langu. Aliizungusha kofia yake, kisha akauliza, "Ninyi mnaangalia wapi?"

Nikauchukua mkono wake mwenyewe. Ukucha ulikuwa mnene, umepasuka kwa jembe, una udongo wa shamba. Nikaubonyeza, nikaachia, nikamwonyesha rangi inavyorudi. Akafanya mwenyewe. Akafanya tena. Nilipopita jioni kwenda nyumbani bado alikuwa pale anabonyeza vidole vyake, kimoja baada ya kingine, na machozi yanamshuka hata hayafuti.

Mfupa wa Atupele uliunga. Siku ya kuchomoa waya tulipiga eksirei, na Haule akaiinua dirishani. Sijaona picha nzuri kama ile. Kiwiko kimenyooka, huwezi hata kuona kilipovunjika. "Hii," akasema, "mwalimu wangu angeitundika ukutani." Chini ya ile picha alikuwa amekaa mtoto mwenyewe, vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa kama anayeshika punje za mahindi zisimwagike. Tulimfundisha mama yake kuvinyoosha kwa maji ya uvuguvugu kila siku. Vilinyooka kidogo, vikarudi. Shuleni alijifunza kuandika upya kwa kushoto. Na alipokua, ninyi watoto wa Rungwe mnajua, chai haichumwi kwa mkono mmoja. Wenzake wanakwenda na mistari yao, mikono miwili inaruka juu ya majani, yeye anabaki nyuma peke yake kwenye ukungu.

Mzee Asajile hakuacha kazi. Mikono ya chini aliendelea kuifunga, lakini kwa ulegevu, na alibonyeza kucha. Kiwiko hakukigusa tena. Mtoto akiletwa na kiwiko, anakiegemeza kwenye jani la mgomba, anafunga khanga shingoni, na kumleta mwenyewe, kwa miguu mpaka barabarani, kisha juu ya gari la chai. Njia nzima amekishika kidole cha mtoto. Anaingia kwetu ametota mvua na neno la kwanza ni, "Sista, kiwiko. Langi inaludi." Hapo najua tuna nafasi. Sikumbuki hata mmoja wa hao wa kwake aliyepoteza mkono. Haule alikuwa anamwita mzee mpaka mlango wa thieta baada ya kumaliza, ili aubonyeze ukucha yeye wa kwanza.

Kijijini kwao walisema hospitali imemnunua. Wakasema dawa ya baba yake imemkimbia, mtu gani anaogopa kiwiko? Na hapo sokoni, kwa kuwa kila kitu kilikuwa ruksa, alikuwa ametokea kijana mmoja na kibao kilichopakwa rangi nyekundu, MTAALAMU WA MIFUPA, MAPEPO NA NGUVU ZA KIUME. Watu wakaenda kwa mwenye kibao. Viwiko vyake tulivipokea sisi, vimenyamaza.

Haule naye akaondoka. Hospitali moja ya binafsi mjini ilimwita, na mtu mwenye watoto wanne utamwambia nini? Aliniachia kopo la maziwa. Zile waya tulizichemsha na kuzitumia tena mpaka ncha zikawa butu, na daktari aliyekuja baada yake alikuwa hajawahi kuzishika. Tukarudi kwenye mifuko ya mchanga. Wengine tuliwapa barua ya kwenda Mbeya, na kati ya hao wapo waliorudi nyumbani na barua mfukoni, kwa kukosa gari. Mzee Asajile aliendelea kuwaleta watoto wenye rangi kwenye kucha, nasi tukawa hatuna cha kuwapa zaidi ya kitanda na kamba. Mara ya mwisho aliniuliza, "Yule mlefu ataludi lini?" Nikamdanganya kwamba karibuni. Ninyi leo mna mashine inayoonyesha mfupa huku mnauchoma, na bado nasikia mnalalamika kwamba chaji ya simu haikai.

Habari ya mwisho nimeisikia kwa Atupele mwenyewe, nami niliona sehemu yake. Mzee alipougua akawa hainuki, nilikwenda kumtazama kule Ikuti. Atupele alikuwa msichana mkubwa, ndiye anayemhudumia. Alikuwa anamlisha uji kwa mkono wa kushoto. Uji ulipokwisha, mzee akaupapasa mkono wake wa kulia, ule uliokunjwa, akakifungua kidole kimoja, akabonyeza ukucha, akaachia. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni.

"Imeludi?" akauliza.

"Imerudi, babu," Atupele akamjibu.

Akashusha pumzi, akalala. Atupele akaniambia chinichini kwamba ni kila siku, asubuhi na jioni, tangu yeye akiwa mdogo. Zamani alikuwa anaangalia mwenyewe. Rangi inarudi, halafu anabaki ameushika mkono, anavitazama vidole kama vitafunguka.

Nilipokwenda kwenye msiba wa mzee, uani pamejaa watu na ngoma za maombolezo, nilimkuta Atupele amekaa na wanawake jikoni. Nikamuuliza kama mtu alikuwepo mzee alipokata roho. Akaniambia hakuna, walikuwa wawili tu, yeye na babu, alfajiri, na mvua juu ya bati ilikuwa nyingi, hakuweza kusikia kama anapumua.

"Sikujua kama amelala au amekwenda," akasema. "Nikamshika mkono. Nikabonyeza ukucha wake, Sista, nikaachia. Nikasubiri."

Alikuwa anamenya ndizi, amezishikilia kwa ule mkono wa kulia zisiteleze. Akaendelea kumenya.

"Nilisubiri sana," akasema.